UZI: Redio za gari kwa gari, wastani wa asilimia 80 unaficha ukimya unaoua

#1 Fundi Masafa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo naona linapitiwa haraka mno kwenye miradi ya vijana wetu wa uhandisi, nalo ni magari kupeana taarifa kwa redio moja kwa moja, gari kwa gari, bila kupitia mnara wa simu. Kila gari linatangaza liko wapi, kasi yake, linaelekea wapi na kama limeshika breki, hadi mara 10 kwa sekunde. La nyuma likisikia, linamshtua dereva wake kabla hata hajaona taa nyekundu mbele yake. Masafa yanayotumika ni ya gigahezi 5.9. Marekani waliyatenga mwaka 1999, kiwango cha IEEE 802.11p, ndugu wa waifai kwa ajili ya magari, kikapitishwa 2010, na mpinzani wake anayetokea upande wa mitandao ya simu, C-V2X, akaingia na Toleo la 14 la 3GPP, wale wanaoandika viwango vya simu, mwaka 2017.

Sasa mtu akitaka kuonyesha kwamba mfumo unategemeka, anahesabu pakiti (kila tangazo moja ni pakiti) zilizotumwa, anahesabu zilizofika, anagawanya. Anapata asilimia 80 au 90, anachora mstari unaoshuka kadiri umbali unavyoongezeka, kazi imekwisha. Mimi nasema kwa jiji kama Dar namba hiyo peke yake haitoshi kabisa. Na modeli inayochukulia kwamba kila pakiti inapotea kivyake, bila kujali iliyotangulia ilipatwa na nini, inatudanganya kwa kiwango cha kutisha.

Twende kwenye hesabu, ni nyepesi.

Chukua mfumo unaofikisha pakiti 80 kati ya 100, na kila pakiti ina bahati yake. Ili gari la jirani likae kimya kwako sekunde nzima, lazima pakiti 10 zipotee mfululizo. Hiyo ni 0.2 kwa kipeo cha 10, yaani takriban mara 1 katika milioni 10. Ukiwasha mfumo huo usiuzime usiku wala mchana, ukimya wa sekunde nzima utakutana nao mara moja katika wiki mbili hivi.

Chukua mfumo wa pili. Huu una hali mbili, nzuri na mbaya. Kwenye nzuri kila pakiti inafika, kwenye mbaya haifiki hata moja. Ukiingia kwenye mbaya unakaa humo wastani wa sekunde 2, ukitoka unakaa kwenye nzuri wastani wa sekunde 8. Piga wastani: asilimia 80 ile ile. Lakini humu, kila kipindi kibaya kinapoanza kuna uwezekano wa asilimia 63 kwamba kitafika sekunde nzima au kupita. Kwa hiyo ukimya wa sekunde nzima unakutana nao kila baada ya sekunde 16 hivi.

Wiki mbili, na sekunde 16. Na ripoti zote mbili zitaandika asilimia 80.

Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo chetu ndani ya makazi, sekunde moja ni mita 14 za lami.

Modeli ya hali mbili si yangu. Gilbert aliiandika mwaka 1960, Elliott akaipanua 1963, wakiwazia makosa kwenye laini za mawasiliano. Ipo siku zote, watu hawaigusi tu. Karibuni tuchambue.

#2 Mtoto wa Tabata

Nimeshavuta kiti. Ila mkuu, unaposema "kwa jiji kama Dar" unamaanisha nini? Mawimbi si yale yale, yawe Berlin au Buguruni?

#3 Fundi Masafa

Mawimbi ni yale yale, barabara ndiyo tofauti.

Angalia bajeti ya nguvu. Redio ya gari hurusha takriban dBm 20, yaani miliwati 100. Kwenye gigahezi 5.9, mita 100 za uwazi mtupu zinakula desibeli 88 (kila desibeli 10 ni nguvu kugawanywa kwa 10). Kinachofika ni dBm -68. Kiwango cha 802.11p kinataka kipokeaji kishike angalau hadi dBm -82 kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, ambayo ndiyo inayotumika zaidi. Kwa hiyo una akiba ya desibeli 14. Vifaa vizuri hushika chini zaidi ya hapo, lakini tufanye 14.

Sasa ingiza lori katikati. Vipimo vilivyofanyika nchi mbalimbali vinaonyesha gari kubwa likikaa kati ya magari mawili madogo linaweza kula desibeli 10 hadi 20. Akiba yako imekwisha hapo hapo. Na lori hilo halipiti kama kivuli cha nguzo ya umeme. Linakwenda na wewe, kasi yako, njia yako, mpaka mmoja wenu akate kona.

Mandela Road ndiyo hii. Malori ya kontena yanatoka bandarini, yanapita Uhasibu, TAZARA, Buguruni, Tabata hadi Ubungo. Kutwa nzima gari dogo liko katikati ya makontena.

Tumejaribu kwa redio za waifai za gigahezi 5.8, jirani kabisa na 5.9, antena za sumaku juu ya paa, gari mbili. Kila pakiti ina namba yake. Tukivuka Buguruni namba zilikuwa zinakuja vizuri kwenye skrini: 4114, 4115, 4116, 4117. Lori la futi 40 likajipenyeza katikati yetu. Iliyofuata kusomeka ilikuwa 4140. Pakiti 22 kimya, sekunde mbili na ushee. Kisha tatu zikafika, kisha ukimya tena. Hapakuwa na pakiti moja moja zinazodondoka hapa na pale kama vitabu vinavyochora. Zilipotea kwa mafungu.

#4 Dereva Mstaafu

Vijana, nimeendesha semi miaka mingi, Dar hadi Tunduma. Hayo ya desibeli siyajui lakini hiki mnachosema nakijua. Gari dogo likiwa nyuma ya kontena halioni kitu. Mimi niliyeko juu kwenye kichwa naona mpaka gari la tano mbele. Dogo anaibia kuchomoza kichwa ili aone, na hapo ndipo ajali inapotokea. Sasa swali langu: kwa nini hicho chombo msikiweke juu ya lori lenyewe? Lori lisiwe ukuta, liwe mdomo.

#5 Fundi Masafa

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe.

Antena ya gari dogo iko mita 1.5 kutoka chini, ya lori inaweza kuwa mita 4. Lori likiwa na redio yake juu, linapokea ya mbele na kuyarusha nyuma, na njia ya kutoka pale juu kwenda kwa dogo ni fupi. Ulaya wameshaweka kiwango cha ujumbe ambao gari linatangaza hata vitu ambavyo sensa zake zimeona, siyo hali yake peke yake. Kwa modeli yangu maana yake ni kubwa: kitu kilichokuwa kinasababisha hali mbaya ndicho kinachoitibu. Tunapopanga nani aanze kufungiwa vifaa, malori ya bandarini yawe mbele ya magari ya saluni.

#6 Dereva Mstaafu

Marahaba. Hapo nimekuelewa.

#7 Kinondoni Halisi

Wakuu naomba nitofautiane. Daladala nyingine hata taa za breki haziwaki. Bodaboda wanapita kulia, kushoto na juu ya kibaraza. Nani atanunua redio ya masafa ya gigahezi? Tunajadili hesabu za vitu ambavyo havitafika.

#8 Neema Takwimu

Kaka Kinondoni, hoja yako ni nzito na ina hesabu yake. Magari mawili yanazungumza ikiwa yote mawili yana chombo. Kama asilimia 10 ya magari ndiyo yenye chombo, basi jozi zinazoweza kuzungumza ni asilimia 1. Wakifika 30, jozi ni asilimia 9. Ndiyo maana kuwauzia watu binafsi mmoja mmoja kunachelewa mno kuzaa matunda. Ila ukichukua kundi linalokutana lenyewe kwa lenyewe barabara ile ile, mfano mabasi ya mwendokasi kwenye njia yao, au malori ya bandarini, jozi zinajaa ndani ya kundi hilo hata kama jiji zima liko chini. Mabasi ya mikoani yenyewe tayari yana vifaa vya kufuatiliwa vya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kwa hiyo kufunga chombo kwenye gari la biashara kwa sheria si jambo geni kwetu.

Sasa nirudi kwa mleta uzi, maana nina neno.

Modeli yako ya hali mbili nimeipenda kwa kufundishia, lakini usiishie hapo. Ndani yake, muda wa kukaa kwenye hali mbaya hauna kumbukumbu: kama umeshakaa kimya sekunde 2, uwezekano wa kutoka pakiti inayofuata ni ule ule kama umeingia sasa hivi. Lori halifanyi hivyo. Likishakaa mbele yako sekunde 5 kwenye foleni, kuna kila dalili litakaa dakika nzima. Kwa hiyo mkia wa usambazaji wa ukimya, yaani ule ukimya mrefu unaotokea kwa nadra, utakuwa mrefu kuliko Gilbert anavyotabiri, na mkia ndio unaoua watu. Ningekushauri upime urefu wa kila ukimya, upange kuanzia mfupi hadi mrefu, halafu uchore ni sehemu gani ya ukimya inavuka nusu sekunde, sekunde moja, sekunde tatu. Mchoro huo uwekwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, wastani ukae nyuma.

Jambo la pili linanikera sana kwenye machapisho. Watu wanachanganya jozi zote za magari kwenye kapu moja. Jozi tisa zinapata asilimia 88 kila moja na ya kumi inapata 8, wastani unatoka 80, kila mtu anafurahi. Hiyo jozi ya kumi ni dogo aliye nyuma ya kontena. Yeye ndiye aliyehitaji onyo kuliko wote.

#9 Fundi Masafa

Dada Neema, hili la jozi ya kumi nalibeba kama lilivyo. Na la mkia pia. Kwa mtikisiko mdogo mdogo wa mawimbi ndani ya hali nzuri natumia usambazaji wa Nakagami, ambao uligunduliwa kuwa unakaa vizuri na vipimo vya redio, na unaweza kuulegeza au kuukaza kwa kigezo kimoja. Juu yake ndiyo naweka kivuli cha magari. Kwa hiyo ni tabaka mbili, ya chini inabadilika kwa milisekunde na ya juu inabadilika kwa sekunde. Ni hii ya juu ambayo nataka tuipime hapa kwetu, maana haiwezi kuagizwa kutoka nje.

#10 Agiza Japani

Samahani kwa kuingilia. Gari langu nililoagiza Japani, nikiwasha asubuhi kuna kidude kinaongea Kijapani, nikaambiwa kinasema kadi ya ETC haijawekwa. Hiyo ndiyo redio mnayoizungumzia? Maana kama ndiyo, Dar nzima tunazo.

#11 Fundi Masafa

Hapana mkuu, ila swali zuri. Hicho kidude ni cha kulipia barabara za Japani. Kinatumia gigahezi 5.8 na kinazungumza na geti la malipo, hakizungumzi na gari jingine.

Japani wana mfumo wao wa gari kwa gari, Toyota walianza kuuza mwaka 2015 kwa jina la ITS Connect. Lakini hautumii 5.9. Unatumia megahezi 760. Kwa Afrika, ambayo iko Kanda ya 1 ya ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa, eneo la megahezi 694 hadi 790 limekwenda kwenye simu za mkononi, na minara hurusha kuanzia 758. Kwa hiyo hata gari likija na chombo hicho, hapa kinaangukia kwenye masafa ya simu. Ni mkasa ule ule wa redio za FM za magari ya Japani zinazoishia 90 mpaka ufungiwe kale kadude ka kuongeza masafa, isipokuwa huu hautibiki kwa kadude.

Na niseme wazi kwa wanaotaka kujaribu: masafa yote yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kabla hujawasha redio ya 5.9 barabarani, waandikie kwanza.

#12 Mhitimu Kijitonyama

Kaka Fundi, nafanya uigaji wa kompyuta (simulation) wa Morogoro Road, Ubungo hadi Kimara. Nimetumia SUMO kwa magari, OMNeT++ kwa mtandao, na Veins kuziunganisha. Ramani nimetoa OpenStreetMap. Pakiti zinazofika napata asilimia 94 kwenye mita 150. Nianze kuogopa?

#13 Fundi Masafa

Nikuulize kwanza. Magari yako ni ya aina gani?

#14 Mhitimu Kijitonyama

Yale yanayokuja yenyewe.

#15 Fundi Masafa

Hapo ndipo pa kuanzia. Usipotaja aina, SUMO inakupa gari dogo la mita 5 na jiji zima linakuwa na gari hilo hilo. Hakuna lori, hakuna basi la mwendokasi la mita 18 linalopita katikati ya barabara, hakuna Coaster. Weka mchanganyiko wa kweli, simama Ubungo uhesabu mwenyewe. Kisha washa modeli ya vizuizi kwenye Veins, kwa majengo na kwa magari, na ulipe kila gari kimo chake. Bodaboda watahitaji kupita kati ya njia, kwa hiyo weka ule mpangilio wa kugawa njia kwa upana, la sivyo watasimama foleni kama Noah. Na ukibadilisha ramani hakikisha umeweka --lefthand, sisi tunaendesha kushoto.

Halafu pima na msongamano wa hewa yenyewe. Ujumbe wa baiti 300 kwa megabiti 6 unachukua milisekunde 0.44. Gari likituma mara 10, ni milisekunde 4.4 kila sekunde. Magari 230 tu yanayosikiana yanajaza chaneli nzima, hata bila nafasi kati ya ujumbe na ujumbe. Barabara ya njia nne ikiwa na foleni, gari moja kila mita 7, ndani ya mita 300 mbele na nyuma yako kuna magari zaidi ya 340. Bodaboda sijawahesabu.

#16 Mtoto wa Tabata

Kwa hiyo foleni ya Kimara inaua mfumo kabla hata ya lori?

#17 Neema Takwimu

Ingeua, kama kila gari lingekomaa na mara 10. Kanuni ya Ulaya ni kwamba gari litume upya likisogea zaidi ya mita 4, au likigeuka zaidi ya nyuzi 4, au kasi ikibadilika kwa nusu mita kwa sekunde. La sivyo litume mara 1 tu kwa sekunde. Magari 340 yaliyosimama yanatumia asilimia 15 ya chaneli. Bodaboda anayepenya kati yao kwa kilomita 36 kwa saa anasogea mita 4 kila sekunde 0.4, kwa hiyo anatuma mara mbili na nusu kwa sekunde. Anayesogea ndiye anayesikika, na kwenye foleni yetu huyo ndiye hasa unayetaka kumsikia kabla hujafungua mlango.

#18 Mhitimu Kijitonyama

Na kwenye majengo? Nikimaliza Morogoro Road nataka niende Kariakoo.

#19 Fundi Masafa

Kariakoo kuna balaa jingine. Kabla ya kutuma, redio ya 802.11p husikiliza kama hewa iko wazi. Sasa fikiria kona ya Msimbazi na Uhuru. Gari A liko Msimbazi, gari B liko Uhuru, ghorofa limekaa katikati yao. Ni kama makonda wawili wanaoita abiria kila mmoja upande wake wa jengo, hawasikiani, na abiria aliyesimama kwenye kona anapata kelele tupu. A anaona hewa iko wazi, B naye anaona hewa iko wazi, wanatuma pamoja, na gari C lililo kwenye makutano halipati kitu. Kwa kuwa ni tangazo kwa wote, hakuna anayejibu "nimepata", kwa hiyo A na B hawatajua kamwe. Na makutano ndipo magari yanapogongana ubavuni.

#20 Mtoto wa Tabata

Je, C-V2X haimalizi haya? Huwa naona wanasema ndiyo ya kisasa.

#21 Neema Takwimu

Ina nguvu zake, umbali wake kwa kawaida ni mzuri zaidi. Lakini itazame kwa jicho la uzi huu. Kwenye hali yake ya 4, ile isiyohitaji mnara, gari husikiliza sekunde 1 iliyopita, linachagua nafasi kwenye ratiba, kisha linaishikilia nafasi hiyo kwa ujumbe 5 hadi 15 mfululizo. Magari mawili yakichagua nafasi ile ile, yanagongana kila baada ya milisekunde 100 kwa nusu sekunde hadi sekunde moja na nusu. Muda ukiisha, kila moja linaweza hata kuamua kubaki pale pale. Na kwa sababu yanatuma wakati mmoja, hayawezi kusikiana yenyewe kwa yenyewe. Hakuna lori hapo. Ukimya wa mafungu umetengenezwa na utaratibu wenyewe. Toleo la 16 la mwaka 2020 limeongeza majibu ya "nimepata" kwa mazungumzo ya wawili au kikundi, ila tangazo kwa wote bado ni tangazo.

Kwa hiyo ukilinganisha teknolojia hizi mbili kwa wastani peke yake unaweza kumpa ushindi asiyestahili.

#22 Kinondoni Halisi

Nimesoma yote. Bado naona safari ni ndefu, lakini nimeona kwa nini mnaanza na kupima. Kwa upande wa malori naafiki kabisa.

#23 Fundi Masafa

Asante kaka.

Mpango wangu: Mandela Road, Uhasibu hadi Buguruni, mchana malori yakiwa mengi. Kisha Kariakoo, gari moja Msimbazi, jingine Uhuru. Kila mstari wa faili utakuwa na muda, namba ya pakiti, nguvu ya mawimbi, na mahali pa magari yote mawili kwa GPS. Faili nitaziweka hapa hapa, wazi, kila mtu achukue. Mhitimu, karibu ukae kiti cha nyuma na laptopu.

#24 Mhitimu Kijitonyama

Nipo. Nirudie uigaji wangu na malori ndani kwanza, tulinganishe.

#25 Neema Takwimu

Ongeza kamera, kaka Fundi, mbele na nyuma ya kila gari, na saa zake zioane na za redio kwa usahihi wa chini ya sekunde 0.1. Bila kujua nini kilikuwa katikati kila ukimya ulipoanza, sitaweza kutenganisha kivuli cha lori na mgongano wa pakiti, na dawa za hivyo viwili ni tofauti kabisa.